Mji Ulioachwa Nyuma: Tamati na Adui wa Mwisho katika Halo 3: ODST

Kila inapotajwa michezo ya video mbele ya wanafasihi wetu husikika kauli mbili, na makala haya yamekusudiwa kuzipinga zote. Ya kwanza hudai kwamba michezo hii si fasihi, ni burudani ya watoto na biashara ya makampuni, na kwamba mwanafunzi wa uzamili anayeleta pendekezo la utafiti juu yake amepotea njia na hana budi kurejeshwa kwenye diwani. Ya pili ni ya wale wanaoipenda. Hao hushikilia kwamba mchezo una kanuni zake wenyewe, kwamba haupimwi kwa mizani ya utenzi wala ya riwaya, na kwamba mhakiki aliyelelewa na Muyaka na Shaaban Robert hana ruhusa ya kuuliza iwapo tamati yake inafaa. Kauli hizi huonekana kuwa na uhasama wa paka na panya, ilhali tokeo lake ni moja: hukumu inaondolewa mikononi mwa mhakiki. Wa kwanza hataki kuhukumu kwa kuwa anakiona kitu chenyewe duni mno. Wa pili kwa kuwa anakiona kigeni mno. Sisi tunataka kuhukumu, na tumechagua kazi ambayo mwanafasihi wa pwani hawezi kuipa kisogo, maadamu mji unaoteketea ndani yake ni Mombasa.

Tuanze na maelezo machache kwa ajili ya msomaji asiyeijua silsila hii. Tarehe 9 Novemba 2004 kampuni ya Microsoft ilitoa Halo 2, mchezo uliotungwa na studio ya Bungie ya Marekani. Katika siku yake ya kwanza ziliuzwa nakala zipatazo milioni 2.4 huko Amerika ya Kaskazini. Yamkini kwa wengi wa walioununua hiyo ndiyo mara ya kwanza kulisikia jina la Mombasa. Kisa kimewekwa mwaka 2552. Kisiwani umesimama mji uitwao Mombasa Mpya, wenye lifti ya kuwapandisha watu na mizigo hadi angani. Viumbe kutoka sayari nyingine wanauvamia. Na mchezaji, akiwa ndani ya deraya ya askari mmoja mashuhuri, anateremka katika vichochoro vya kile kinachoitwa Mombasa ya Kale, anapigana kando ya hoteli iliyopewa jina la Zanzibar, kisha anavuka daraja refu juu ya maji ili aingie Mombasa Mpya.

Hapo pana jambo la kusimama kidogo. Mji wa Kale tunaoujua sisi umo kisiwani. Unaelekea Bandari ya Kale, umeegemea Fort Jesus iliyoanza kujengwa mwaka 1593, una Ndia Kuu yake na Msikiti wa Mandhry ambao huhesabiwa kuwa wa mwaka 1570. Hauko ng'ambo ya daraja lolote. Watungaji wa Halo 2 wameung'oa na kuupeleka pembeni, ili kisiwa kizima kibaki wazi kwa minara ya vioo. Hatulitaji hili kwa kuwa tunadai usahihi wa ramani. Mtunzi ana haki ya kuhamisha miji. Tunalitaja kwa sababu ndilo dalili ya kwanza ya namna mji huu utakavyomalizwa. Kwanza ukale wake unawekwa kando ya njia, pahali pa kupita tu; halafu upya wake unachomwa.

Kuhusu tamati ya Halo 2 yenyewe hatutapoteza maneno mengi. Adui wa mwisho, ambaye vijana humwita bosi, ni chifu mmoja mwenye nyundo aitwaye Tartarus, na anauawa mbali kabisa na dunia. Kisha kisa kinakatwa ghafla, shujaa akiwa njiani kurudi kumaliza vita. Wachezaji walikasirika, watungaji wenyewe walikiri baadaye kwamba muda uliwapungukia na sehemu ya mwisho ikaondolewa. Hiyo ni tamati iliyovunjika, na hakuna aliyewahi kuitetea kwa dhati. Nayo Halo 3 ya mwaka 2007 inapitia Tsavo na Voi, na mwishoni inatuonyesha ukumbusho uliosimamishwa juu ya kilima katika ardhi ya Kenya. Tunaowaona pale ni wanajeshi, wanaowapigia saluti wanajeshi wenzao. Mombasa haina mtu katika maziko hayo.

Kazi inayostahili mjadala ni ile iliyotoka tarehe 22 Septemba 2009, yaani Halo 3: ODST, ambayo tangu mwaka 2020 inapatikana pia kwenye kompyuta za kawaida. Kwa muda mrefu ilihitaji mashine ya Xbox, na sote twajua kwamba vibanda vya michezo katika mitaa yetu vimejaa PlayStation na kandanda. Hivyo mchezo unaoichoma Mombasa ulichezwa kila mahali isipokuwa, kwa kiasi kikubwa, Mombasa. Kwa jina lake la kibiashara huu ni mchezo wa kupiga risasi. Hata hivyo moyo wake umo katika michezo ya uhusika, ile ambayo mchezaji huvaa nafsi ya mtu, akazurura katika ulimwengu wake na kuokoteza kisa kipande kwa kipande. Askari asiye na jina wala kauli, ambaye wenzake humwita kuruta tu, anazinduka usiku katika mji uliokwisha kushindwa. Mvua inanyesha. Anatembea peke yake mitaani akitafuta nyayo za kikosi chake, na kila akiokota kitu kilichoachwa na mwenzake, mchezaji anaingia katika mwili wa mwenzake huyo na kuishi saa zake za mchana. Majina ya mahali anamopita ni yetu: Kizingo, Kikowani, Tayari. Mtu wa Mombasa akiyasikia hawezi kukosa kushtuka kidogo. Lakini mji unamsemesha Kiingereza. Anayeuendesha ni Msimamizi, akili ya mashine inayotawala taa, treni na milango, na ambayo humwashia mchezaji ishara na kumlizia simu ili kumwelekeza njia.

Kuna wahakiki, na miongoni mwao wamo wanafunzi wetu walio hodari, wanaoisifu mno tamati ya mchezo huu. Sifa yao yafaa ielezwe kwa haki. Wanasema: hapa hakuna bosi. Kikosi kinamsindikiza kiumbe aitwaye Vergil, ambaye ndani yake imehifadhiwa elimu yote ya Msimamizi, kwa kupitia Barabara Kuu ya Pwani. Mwishowe wanazingirwa, nao wanajihami, wimbi baada ya wimbi, mpaka chombo cha kuwaokoa kinapofika. Hakuna jitu lenye nyundo. Hakuna pigo la mwisho. Kuna kusubiri tu, na uchovu, na kuondoka. Hiyo, wanasema, ni tamati ya kweli kuliko zote katika silsila, kwa sababu vita halisi havina bosi. Na wengine huvuka wakailinganisha na tamati wazi za Kezilahabi katika Nagona (1990) na Mzingile (1991).

Sifa hii ina chembe ya ukweli. Kuondoa jitu la mwisho katika kazi ya aina hii ni ujasiri, na kule kusubiri kumepangwa kwa ustadi. Mchezaji hana la kufanya ila kuhesabu risasi zilizobaki. Hata hivyo ulinganisho na Kezilahabi hausimami. Tamati wazi humwachia msomaji swali. Tamati ya ODST haimwachii swali lolote. Chombo kinapaa, sajini anaungana tena na mwanamke ampendaye, kuruta ameketi kimya, na nyuma yao meli za adui zinaumimina moto juu ya kisiwa hadi ardhi inayeyuka na kuwa kama kioo. Yote yamefungwa. Kilichoachwa wazi ni mji peke yake, nao umeachwa kwa maana ya kutupwa, kama mandhari ya nyuma katika picha ya mtu mwingine. Kuita jambo hilo uwazi wa kifani ni kuchanganya mlango uliofunguliwa na ukuta uliobomolewa.

Na tuulize sasa swali ambalo wasifuji hawaliulizi: adui wa mwisho katika utamaduni wa masimulizi ya pwani hii ni nani? Kwa maana hapa ndipo wanaotukataza kutumia mizani yetu wanapotukosesha jambo kubwa. Chukua Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Liyongo ameshindikana. Amevunja kifungo, amewaponyoka maadui walioandaliwa kumuua. Anayemmaliza ni mwanawe, aliyerubuniwa kwa ahadi ya ukubwa na ya mke, kwa sindano ya shaba kitovuni. Na kisa hakikomei hapo. Liyongo anakwenda kisimani na uta wake, anapiga goti na kufa akiwa ameulenga mji, na watu wanashindwa kuteka maji kwa kuogopa maiti. Mama yake analetwa amsihi. Yaani tamati imejaa watu wa mji: kiu yao, hofu yao, aibu yao.

Au chukua utenzi wa Mombasa yenyewe, ule wa Al-Akida, wa Abdallah bin Masud bin Salim Mazrui, ambao Sir Mbarak Ali Hinawy aliuchapisha mwaka 1950. Adui ndani yake ni mkuu wa askari waliokuwa Ngomeni kuulinda mji kwa niaba ya Sayyid Barghash wa Unguja. Hakutoka baharini, alikuwa na funguo za Ngome. Januari 1875 manowari mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, ziliipiga Ngome mizinga, Akida akasalimu amri na kuondolewa Mombasa. Mtungaji wa mchezo wa leo angezifanya manowari hizo kuwa kilele cha kisa. Lakini uzito wa tukio lile kwa watu wa Mvita haukuwa katika mizinga ya Waingereza. Ulikuwa katika fitina: nani alisema nini barazani, nani alimwandikia Sayyid, nani alimwamini nani. Kikulacho ki nguoni mwako. Katika fani yetu ya tamati adui wa mwisho aghalabu ni wa ndani, mtu mwenye jina, ukoo na cheo kinachojulikana na wote, na anayemalizana naye ni mji.

Kwa mizani hiyo tuirudie ODST, na tutakuta jambo la ajabu ambalo wasifuji na wabezaji wote wamelipita. Adui huyo yumo. Mitaani, ndani ya simu za barabarani na mashine za kutolea pesa, watungaji wamezificha rekodi 30 za sauti zinazosimulia kisa cha msichana mmoja, Sadie, katika saa za uvamizi. (Jina la ukoo wake ni Endesha. Mtu hawezi kujizuia kutabasamu: mtungaji amefungua kamusi akachukua kitenzi, na hakujali kwamba hakuna mlango wa Mombasa utakaougonga ukaambiwa kwa akina Endesha ndiko huku.) Baba yake ni mtaalamu aliyeishi chini ya ardhi pamoja na ile akili ya mashine, naye anafia humo. Katika rekodi hizo tunakutana na muuza nyama, askari polisi mwema, wakimbizi waliosongamana. Na tunakutana na Kamishna Kinsler, mkuu wa polisi wa mji, aliyekabidhiwa usalama wa watu na ambaye, mji unapoungua, anajali nafsi yake na manufaa yake. Mwisho wake ni kuangukia mikononi mwa umati wenye hasira, Msimamizi mwenyewe akiwa amesaidia. Hapo, kwa mara moja tu katika silsila nzima, wakaazi wa Mombasa wanatenda. Wanamhukumu mkubwa wao. Kwa vyovyote vile huyo ndiye adui wa mwisho wa mji, na hiyo ndiyo tamati yake.

Na tamati hiyo haionekani. Inasikika tu, tena vipande vipande. Mchezaji hana silaha mkononi wala uamuzi wa kufanya. Hawezi kuwa mmoja wa umati, wala kujaribu kuuzuia. Ubaya zaidi ni namna rekodi zilivyofungamanishwa na mchezo wenyewe: akishakusanya kadhaa, mchezaji hufunguliwa ghala la silaha. Kilio cha mji kimefanywa ufunguo wa stoo. Watungaji walikuwa na jambo ambalo mtunzi yeyote wa tenzi angelijengea beti mia mbili, wakalifanya zawadi ya pembeni kwa mwenye subira, na badala yake wakaweka kilele kwenye barabara kuu ya kutokea.

Tutajibiwa kwamba rekodi zilifichwa kwa makusudi, kwamba mji uliokufa hauwezi kusema ila kwa minong'ono, na kwamba kuisaka sauti ya Sadie gizani ndiyo maana yenyewe ya kazi. Jibu hili ndilo bora kati ya yote tuliyoyasikia, na tungelikubali endapo tamati ingelipokea. Ingetosha kuruta, akiwa ndani ya chombo, aonekane amebeba kitu cha Sadie. Ingetosha chombo kumpita mkimbizi mmoja. Lakini sehemu ya mwisho haina habari na minong'ono hiyo. Kinachookolewa ni Vergil, kwa kuwa jeshi linaitaka elimu aliyoibeba. Mji umegeuzwa kuwa taarifa, taarifa imepakiwa chomboni, na kilichosalia kinaruhusiwa kuungua.

Si kwamba Mombasa haijui kuungua. Agosti 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji huu, akaupora na kuutia moto. Nuno da Cunha aliutia moto tena katika msafara wake wa miaka ya 1528 na 1529. Na mwaka 1589 uliangamizwa baina ya merikebu za Wareno na Wazimba waliofika kutoka bara. Kutokana na janga la 1505 tumebakiwa na ushahidi mmoja ambao mwanafasihi angepaswa kuuthamini kama maandishi, licha ya kuwa umetufikia kupitia mikono ya Wareno: barua ambayo mfalme wa Mombasa alimwandikia mfalme wa Malindi, hasimu wake na rafiki wa Wareno, baada ya kurejea mjini. Anamweleza alivyoukuta mji mtupu, hapana kiumbe hai, na uvundo wa maiti, akimpa habari ili naye ajihadhari. Angalieni nafasi anayosimulia kutoka kwayo. Hakusimulia moto akiwa juu ya merikebu inayoondoka. Anasimulia asubuhi iliyofuata, akiwa amesimama juu ya majivu, na anamsemesha jirani. Katika tarihi ya mji huu tamati husimuliwa na anayerudi. Katika ODST husimuliwa na anayekwenda zake. Hapo ndipo ulipo ugomvi wetu na mchezo huu, na ni ugomvi wa kifani kabla haujawa wa kisiasa, kwa kuwa pahali pa msimulizi ndipo panapoamua nini kitaonekana kuwa kikubwa.

Wengine watauliza iwapo tunawalaumu Wamarekani kwa kutokuwa Waswahili. Hasha. Jina la Vergil linatangaza wazi kwamba watungaji wameegemea Jahanamu ya Dante, na kuegemea si kosa. Bwana Mwengo wa Pate alitunga Utendi wa Tambuka mwaka 1728 juu ya vita vya Mtume na Herekali, vita vya nchi ya mbali na karne ya mbali, na hakuna anayemwambia alikopa. Tofauti ni kwamba Bwana Mwengo aliileta Tambuka mpaka baraza za Pate, kwa lugha ya baraza hizo. Dante alipoletwa Mombasa alikuta wenyeji wameshaondolewa njiani. Hata mshikamano wa kifani umepotea: Dante alizungumza na wale aliowakuta motoni, mmoja mmoja, kwa majina yao, ilhali kuruta hana kinywa.

Wala hatukubali kwamba pwani haikuwahi kuwaza vyombo vya angani. Mwaka 1995, miaka tisa kabla ya Halo 2, Katama Mkangi alichapisha Walenisi. Dzombo anahukumiwa kufa, anapakiwa katika chombo na kurushwa angani iwe ndiyo adhabu yake, na badala ya kufa anafika katika ulimwengu mwingine. Jina la ulimwengu huo, kama kila mwanafunzi wa kidato alivyofundishwa, ni ‘wale ni sisi’ kwa mkato. Mkangi alifahamu kwamba chombo cha kuondokea hakina maana mpaka aliyemo ndani alazimishwe kuwatambua watu. Pendekezo la utafiti litakaloziweka kazi hizi mbili pamoja, Walenisi na ODST, lingekuwa na mengi ya kusema juu ya tamati kuliko tasnifu nyingine kumi juu ya dhamira ya uongozi mbaya, na idara inayolikataa kwa hoja ya ‘si fasihi’ inapaswa kwanza kueleza fasihi inayoilinda inaogopa nini.

Lakini na wanaopendekeza wasije na sifa tupu. Waje na swali la Kinsler. Waeleze kwa nini mhusika wa pekee ambaye Mombasa inamshinda amewekwa mahali pasipoonekana, na kwa nini kifo chake hakibadilishi hata sekunde moja ya safari ya mwisho. Waupime mchezo kwa kile ulichokuwa nacho na kukitupa. Mchezaji asiyependa kuzurura gizani anaweza kufika Barabara Kuu ya Pwani, akamlinda Vergil, akapanda chombo na kuutazama mji ukiyeyuka kwa mbali, bila kujua kwamba palikuwa na mtu aitwaye Kinsler, wala kwamba watu wa Mombasa walikwisha kumaliza naye.